Geji ya Lori

Kitengela ya miaka ya tisini iliheshimu kitu kimoja tu, nacho ni lori. Malori ya simiti na kokoto yalipita mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha tangu alfajiri, na madereva wake wakishuka walipewa kiti, chai na nafasi ya kusema uongo bila kuulizwa swali. Ukitaka kusifu jeki, unasema ni ya lori. Ukitaka kusifu nyundo, mkanda, hata sufuria, ni vilevile. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilikuwa mjinga kama mji wangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa magari, na akiendesha gari kwenye vumbi watu waliacha kula ili watazame. Mwenye ranchi mmoja wa Kajiado alimwona, akampa gari lake dogo la mashindano kwa siku moja. Sharti lilikuwa fupi: akiwa kati ya watatu wa kwanza, ataliendesha msimu mzima; la sivyo, atatafutwa mwingine. Kaka hakula vizuri wiki nzima. Kazi ya matairi alinipa mimi.

"Wewe ndiye mtu wa upepo," aliniambia. "Hiyo sitaki mtu mwingine aguse."

Tulitaka pauni ishirini na nane za upepo kila tairi. Zikizidi, gari linateleza kwenye changarawe. Zikipungua sana, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu katikati ya kona. Geji yangu ya kibandani, ya kupimia upepo, ilikuwa imeangushwa mara nyingi hata ikawa inabahatisha, kwa hiyo nikatoka kutafuta nyingine.

Duka la kwanza lilikuwa la mama mmoja aliyehamia kutoka Garissa na familia yake. Aliuza shuka, chupa za chai, tochi na vitu vingine chungu nzima. Alinitolea geji ndogo ya kuenea kiganjani, namba zake zikiishia sitini.

"Chukua hii, kijana. Ni ya gari ndogo."

"Mama, mimi nataka ya ukweli. Ni ya mashindano."

"Si ndiyo hiyo ya ukweli? Ile kubwa iko na namba mingi, lakini huku chini haioni vizuri."

Nilicheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo. Mwanamke anayeuza shuka anifundishe mimi mambo ya upepo! Nikavuka barabara hadi duka la spea za malori, nikanunua geji nzito ya shaba, uso wake mpana kama kisahani, namba zikipanda hadi mia mbili na ishirini. Wala sikuwa mzembe. Nilimwomba dereva wa lori la simiti tuijaribu kwenye tairi lake. Geji yake ilisema mia moja, yangu ikasema mia moja. Madereva waliokuwa pale wakanipigia makofi, nami nikarudi kibandani kifua mbele.

Siku ya mashindano, kule Kajiado, nilifanya yote yanayotakiwa. Nilipima asubuhi, matairi yakiwa baridi, gari likiwa kivulini, na nikarudia mara ya pili. Ishirini na nane, yote manne. Kaka akaja, akalisukuma tairi la mbele kwa mguu, kisha akainama akalibonyeza kwa kiganja.

"Hii imelala kidogo," akasema.

"Geji inasema ishirini na nane."

"Mimi naisikia kama iko chini."

"Sasa utaamini mguu ama utaamini geji?"

Alinitazama kidogo. "Sawa. Kama geji imesema."

Mzunguko wa tatu alikuwa wa pili, na watu walikuwa wameanza kupiga vigelegele. Kwenye kona ya mwisho tairi lile la mbele likachomoka kwenye rimu, gari likachimba udongo, likazunguka, likasimama likitazama lilikotoka. Hakuumia. Alishuka, na kabla sijamfikia, mwenye gari alikuwa amefika.

"Ni mimi, mzee," kaka akamwambia. "Niliingia kona vibaya."

"Nimeona. Pole. Nitatafuta dereva."

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Tukirudi Kitengela, kaka alinisimulia kona ile njia nzima: hapa nilichelewa, hapa nilikata sana. Mguu wake ulikuwa umemwambia kweli, na sasa ndiye aliyekuwa akiniomba msamaha mimi.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mama, nikanunua geji ndogo bila kumtazama usoni. Nikapima tairi moja kwa zote mbili. Kubwa ikasema ishirini na nane, ndogo ikasema kumi na nane. Nikaazima ya tatu kwa fundi jirani. Ikakubaliana na ndogo. Kadiri nilivyoongeza upepo, ndivyo zilivyokaribiana. Geji yangu ilikuwa sahihi huko juu, na huku chini, mahali pekee nilipoihitaji, ilikuwa inabuni.

Nilipaswa kumwambia kaka siku hiyohiyo. Nilisema kesho, kisha mwaka ukapita, kisha ikawa lazima nieleze pia kwa nini nilinyamaza. Ulikuwa uoga, sina jina jingine la kuupa.

Kaka hakushindana tena. Kufikia miaka ya elfu mbili alikuwa dereva wa lori, akibeba kokoto kutoka machimbo ya Kiserian, mgongo umeanza kumsumbua. Aliiomba ile geji kubwa, nami nikampa upesi ili itoke machoni pangu. Akipita Kitengela husimama kibandani, tukapima matairi yake pamoja. Geji husema mia moja, na kweli huwa ni mia moja.

Siku moja dereva mwenzake alimwambia aitupe, imechakaa. Kaka aliipangusa kwa shati lake, akanishika bega.

"Hii alinichagulia mdogo wangu," akasema. "Miaka hii yote haijawahi kunidanganya hata siku moja."

Niliinama nikaendelea kufunga kofia ya valvu, ingawa nilikuwa nimeshaifunga.