Katambuga Zilizojaa Miiba

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sulle wa Maretadu aliliamini neno hilo miaka kumi na miwili, akikata matairi na kutengeneza katambuga kwenye mnada wa Katesh bila kumwita mtu. Kisha milango ya biashara ya nje ikafunguliwa, mitumba ikashuka kwa marobota, yeboyebo za plastiki zikafuata, na kizuri chake kikashinda juu ya turubai mpaka jua linazama.

Mkewe, Philomena, alimwambia wazi kwamba mnada wa Septemba ukipita hivyo hivyo, arudi wakalime maharage. Sulle aliipenda kazi yake kuliko jembe, na maneno hayo yalimuuma. Akaenda kuandikisha kibao: VIATU VYA KISASA, KILA AINA, BEI NAFUU. Cha kisasa hakikuwepo, na aina ilikuwa moja tu. Jirani zake nao walikuwa na vibao vya maneno hayo hayo, na wateja wake wakubwa, wafugaji wa uwandani, wengi hawakujua kusoma. Septemba ikafika, na hadi saa tisa alasiri hajauza hata jozi moja.

Ndipo akaja mzee mfugaji kutoka Balangdalalu, anataka kubadilishiwa mikanda ya katambuga zake za zamani. Sulle alimwamkia shikamoo, akazipokea na kuzisukuma haraka chini ya gunia, maana viatu chakavu vingekiaibisha kibao.

"Mbona unaficha?" mzee akauliza.

Sulle akasema watu wakiona uchakavu watakimbia. Mzee akazitoa mwenyewe, akazigeuza. Soli zilijaa miiba iliyokatikia humo, ya miaka minne ya kuchunga. Akaushika mkono wa Sulle, akaupitisha upande wa ndani, pale mguu unapokaa. Palikuwa laini kabisa.

"Hicho kibao sijui kinasema nini," mzee akasema. "Mimi nimekuja kwa sababu ya soli hii."

Sulle aliona haya. Alimpa mzee jozi mpya, akabaki na zile kuukuu, akang'oa kibao na kuzitundika mahali pake, soli zikitazama njia. Wafugaji waliokuwa wanapita wakasimama. Kila mmoja alipapasa miiba, akaingiza vidole upande wa ndani, halafu akakaa chini apimwe mguu. Kabla ya magharibi matairi yalikuwa yamekwisha.

Mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa, afisa mmoja aliwakusanya mafundi wajitambulishe. Wenzake Sulle walitaja kila kitu, wengine hadi vitu wasivyokuwa navyo. Sulle alinyanyua jozi ile ile, akasema, "Mwiba unaishia hapa," akakaa.

Kibao sasa ni mlango wa banda la kuku, na KILA AINA bado inasomeka. Kila siku ya mnada, kabla Sulle hajatoka, Philomena huzishusha katambuga zile kuukuu na kuzipapasa ndani polepole. Habari za maharage hajazitaja tena. Ila Sulle anajua: siku kidole cha mkewe kikichomwa, atakabidhiwa jembe.