Mlango wa Zizi na Taa ya Wadachi

Juzi stesheni ya Dodoma nilimkuta karani akimwonyesha mzee wa Kigogo, mfugaji, taa ya umeme na betri yake, vilivyoletwa na Wadachi, hao Wajerumani.

"Volti kumi na mbili zinasukuma, ampea mbili zinapita. Ukigawanya, ukinzani ni omu sita. Ukizidisha, nguvu ni wati ishirini na nne," karani akasema.

"Kama ng'ombe wanaosukumana kwenye mlango mwembamba wa zizi," mzee akasema. "Basi tupanue mlango."

Akavua bangili yake nene ya shaba, akaigusisha kwenye nyaya zote mbili za betri. Cheche zikaruka, taa ikazimika, sote tukatimka mbio hadi nje, tukicheka hadi machozi.

"Ng'ombe wametoka wote kwa pamoja," mzee akasema, akipuliza vidole vilivyoungua.

Hesabu aliielewa vizuri. Ila mfugaji mzima, anasimamaje mlangoni ng'ombe wakitoka?