Taa Yenye Alama ya Ng'ombe

Wakaguzi wa taka za umeme walipofika kibandani kwangu, mjini Karatu, walikuwa wamevaa glovu mpya. Nikasema moyoni, leo kuna kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha.

"Mama, hivi vibovu vyote ni taka hatarishi," akasema mkubwa wao, akinyooshea kidole sanduku langu. "Kibali kiko wapi?"

Eti vibovu. Mimi ni fundi. Simu zilizokufa na redio zilizokufa ndizo zinazofufua nyingine. Nilimweleza hivyo, akanitazama kama anayesikiliza mbuzi.

Juu ya sanduku nilikuwa nimeweka taa ya sola ya mzee mmoja, mfugaji wa Ngorongoro. Huitundika kwenye zizi la ndama, fisi wasisogee. Nilikuwa nimeshaitengeneza, inamngoja mwenyewe. Wafugaji wangu hawana habari na risiti. Kila mmoja huchonga kwenye chombo chake alama ileile aliyowakata ng'ombe wake masikioni, na hakuna chombo kilichowahi kupotea.

"Hii ina mwenyewe," nikasema. "Tazama alama."

"Mimi naona mkwaruzo tu. Risiti?"

Mwenye nguvu mpishe, nikampisha. Wakabeba sanduku na taa juu yake, wakisema wanavipeleka sehemu salama. Nikawafuata kwa miguu, nikaione hiyo sehemu salama. Lilikuwa shimo la takataka nyuma ya uwanja wa mnada. Wakamwaga, wakapiga picha, wakawasha moto. Moshi mweusi ukawaendea wachoma nyama. Wakavua zile glovu, wakazitupa humohumo, wakapanda gari. Mazingira yakawa yamehifadhiwa, na mimi nimesimama pale nakohoa kwa hasira.

Siku ya mnada yule mzee akaja. Fisi, alisema, walishaingia zizini na kuchukua ndama wawili, hivyo amekuja kuifuata taa kabla hawajarudi. Nikamweleza yote bila kuficha. Nilitamani anigombeze, angalau nami nipate la kujibu. Hakunigombeza.

Alifungua fundo kwenye ncha ya shuka lake la lubega, akaniwekea mezani sikio dogo la ndama, limekauka damu, na ile alama inaonekana vizuri.

"Ndicho walichoniachia fisi," akasema. "Wapelekee wale wakubwa wako. Si walitaka risiti?"