Mrehani wa Ba

Harufu ya mrehani ikinifikia popote nilipo, narudi kwenye baraza letu la Nakuru, likizo ile nilipokuwa mtoto wa miaka minane. Ba, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na mrehani, mmea mtakatifu kwetu Wahindu, uliomea katika debe kuukuu la mafuta, na kila asubuhi aliumwagilia maji akinong'ona dua. Kabla ya safari yetu ya Dwarka, mji wa hekalu ulio ufuoni kule Gujarati, alilibeba debe akampa jirani yetu, Mama Njeri. "Ni yako sasa, kabisa," akamwambia. Moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema kwamba wazee wengine wakifika Dwarka hawarudi. Hukaa huko wakiimba mpaka Mungu awaite. Nami nilimpenda Ba kuliko mtu yeyote. Ndani ya ndege sikuliachilia pindo la sari yake.

Dwarka naikumbuka kama ndoto ya mwenye homa. Ng'ombe walilala njiani bila wasiwasi, kengele zililia katika hewa ya chumvi, na juu ya mnara wa hekalu bendera kubwa ilipepea, ikibadilishwa mara kadhaa kwa siku kwa shangwe kama za harusi. Ba alitembea akitabasamu tu, na kila tabasamu lilinizidishia hofu. Pale mto unapokutana na bahari, kuhani alimmiminia maji viganjani, akamuuliza jina na kijiji chake, kama ilivyo desturi kabla ya dua. Alitarajia kijiji cha mababu, huko huko Gujarati. Ba aliyatazama maji viganjani. Mawimbi yalikuja yakarudi. Kisha akasema, "Nakuru." Kuhani akauliza tena, naye akajibu kwa sauti ile aliyowafukuzia tumbili jikoni: "Nakuru! Na uiombee mvua." Nililia kwa furaha, watu wakadhani ni uchaji.

Tuliporudi, Mama Njeri alivuka barabara amekumbatia debe. "Hii kitu yako sikuipanda kwa shamba, Ba," alisema. "Nilijua tu utarudi." Nyumbani ni nyumbani, hata kama ni pangoni.

Siku hizi bendera ile naitazama kwenye simu, nikinywa chai barazani. Ba hayupo tena, na ndugu zangu waliotawanyika ng'ambo huniuliza nitafunga nyumba lini niwafuate. Nami huwaambia habari ya mrehani tu. Tulipomaliza kumwombolezea Ba, nilichimba shimo mbele ya baraza, nikautoa mrehani, mjukuu wa ule wa zamani, ndani ya debe, nikaupanda ardhini.