Visiki vya Upande wa Juu

Asubuhi za ngitili yetu huanza kwa harufu. Kabla jua halijapanda juu ya vichuguu, nyasi zilizolala na umande hutoa harufu kama ya maziwa yaliyochemshwa muda si mrefu, na mimi husimama kwenye mlango wa ua wa miiba nikiwa na usingizi machoni, sina hakika kama nimeamka au bado naota. Nimewahi kuwaambia watu kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo sina wasiwasi. Si kweli. Ninao hata hapo. Ila hapo wasiwasi wangu hutembea polepole, kama ng'ombe aliyeshiba.

Ngitili, kwa asiyeijua, ni kipande cha pori ambacho familia hukiacha kwa makusudi. Mvua zikianza kinafungwa: hakuna ng'ombe, hakuna panga, hakuna moto. Nyasi hukua mpaka kiunoni na miti ikapata nafasi ya kupumua. Kiangazi kikishika, nje kukibaki vumbi, mwenyewe huifungua na mifugo ikaingia kula. Yetu ni ekari nane, iko nyuma ya nyumba, mwendo mfupi kutoka Didia, kwenye mteremko unaoishia korongoni. Baba alipofariki ilibaki kwa mama. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, akanikabidhi mimi.

"Kaka yako angelima dengu humo," alisema. "Wewe unapenda vitu vikae sawa. Itunze."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza, ingawa kosa si la mama.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Geita. Nilikuwa nimepanga chumba Kalangalala na kufanya kazi kwenye stesheneri, nikichapa barua za maombi na kutoa kopi za vitambulisho. Nilikuwa mtu wa kuchapa upya ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja. Wachimbaji waliokuja kuchapisha makubaliano ya maduara yao, yale mashimo wanayochimba kwa ushirika, walinicheka. "Dada, sisi tunataka karatasi, hatutaki kuioa!" Nilicheka nao, kisha nikachapa upya. Usiku niliiona nukta ile ile darini.

Mambo ya miti nilijifunza mwenyewe, kwenye simu. Nilitazama video za misitu ya nchi za mbali, miti imejipanga kwa mistari kama watu kwenye foleni ya benki, chini kumefagiliwa, mwanga unashuka kati ya vigogo kama kanisani. Niliitazama mpaka chaji ikaisha. Sikumuuliza mtu yeyote wa kijijini hata swali moja. Nakiri hili kwa aibu: kuuliza, kwangu, ni sawa na kutangaza kwamba sijui jambo ambalo ilibidi nilijue.

Sasa, humo ngitilini palikuwa na visiki, vingi zaidi upande wa juu. Baba alizoea kukata nguzo huko, akiacha kila shina likiwa na kimo cha goti, limechongwa mshazari. Nguzo nyingine tulijengea, nyingine zilipakiwa kwenye malori kwenda Geita kuwa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwaangukie wachimbaji ndani ya duara. Nilipokuwa Kalangalala niliyaona malori hayo yakipita, na nikapenda kuwaza kwamba mahali fulani chini ya ardhi miti yetu imesimama gizani, imebeba kilima mabegani. Lakini visiki vyenyewe sikuvipenda. Vilikuwa vyeusi, vimepinda, vimetapakaa bila mpango kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee. Niliona kazi iliyoachwa nusu.

Mke wa kaka alijifungua, mama akaenda Geita kumwuguza uzazi kwa miezi miwili. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nikabaki peke yangu na sururu.

Sitadanganya: zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata kuishi. Niliamka alfajiri, nikachimba kuzunguka kisiki kimoja, nikakata mizizi, nikakisukuma mpaka kikalegea na kutoka kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi. Vumbi lilisimama hewani, jekundu, halina haraka ya kushuka. Mchana nilijilaza kwenye kivuli cha mkwaju nikisikiliza nyuki, nikawa sijui mikono yangu inaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Jioni nilivikokota visiki mpaka korongoni na kuvitupa, nikijisifu kwamba pia nimeziba mmomonyoko. Kisha nikafukia mashimo na kusawazisha kwa reki, mstari kwa mstari. Zaidi ya ekari moja. Nilipomaliza nilipiga picha. Palikuwa safi kama ukurasa.

Mvua zikaja. Wiki ya pili, kila mahali ambako sikugusa, visiki vilichipua. Kutoka kwenye yale magome meusi niliyoyadhani yamekufa yalitoka matawi membamba, matano, sita kwa kila kisiki, ya kijani kibichi kinachong'aa mvuani. Upande wa juu hapakutoka kitu. Maji yalipita juu ya usawa wangu mzuri, yakachukua udongo na kushuka nao. Nilisimama hapo nimelowa, nikaelewa. Baba hakuacha kazi nusu. Mizizi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Ndiyo iliyokuwa pori lenyewe, na nguzo alizokata zilikuwa kama nywele tu. Nilikuwa nimeling'oa pori nikidhani nalichana.

Mama aliporudi alipanda mteremko polepole, mkono kiunoni.

"Visiki vya baba yako viko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Sijui, mama. Labda watu wa tofali."

Kijijini kwetu mwaka ule mtu wa tofali alikuwa mmoja tu. Jirani yetu wa upande wa kaskazini, tunayemwita Baba Mapacha kwa sababu ya mabinti zake wawili, alikuwa akijenga nyumba. Alishachoma tanuri moja kabla ya mvua, na la pili lilikuwa limepangwa, limefunikwa nyasi, linasubiri kuni. Na kila mtu anajua kwamba kisiki cha mgunga kinawaka siku mbili.

Kuingia ngitili ya mwenzako si jambo dogo kwetu. Faini yake ni mtamba mmoja, na mpaka ulipe unatengwa: husalimiwi, huazimwi plau, mkeo anachota maji wa mwisho. Mama alipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mkutano ukapangwa Jumapili, baada ya ibada, mbele ya ghala la pamba.

Siku zilizofuata zilipita kama zinapita chini ya maji. Niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilimkuta Baba Mapacha njiani, ana ndoo ya udongo begani.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, binti wa kompyuta! Mbona umekonda? Au simu haina bando?" Alishusha ndoo akacheka. "Naambiwa Jumapili mna kesi. Nani tena kaingia kwenu? Mseme mapema, tukamsaidie kulia."

Hakujua kwamba anayeshtakiwa ni yeye. Nilijibu kitu kuhusu mvua, nikaondoka karibu nikimbie.

Nilikaa ngitilini na daftari nikaandika nitakachosema. Niliandika mara saba. Mara ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilijitetea, ya tatu ilikuwa na neno nililoliona si fasaha. Wakati huo mtu mwingine alikuwa anakaribia kupoteza mtamba wake na salamu za majirani, na mimi natafuta neno. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Jumapili watu walikaa kwenye magunia matupu na matofali ya kuazima, ya Baba Mapacha mwenyewe. Mwenyekiti alivaa miwani akamwita mbele.

"Tanuri la kwanza ulichomea kuni gani?"

"Pumba za mpunga na kinyesi cha ng'ombe. Na mti mmoja ulioanguka kwa shemeji yangu."

"Siku hizi pumba zina mizizi?" sauti ya mtu ikatoka nyuma, watu wakacheka.

"Nenda kaonje majivu, utajua!" Baba Mapacha alijibu, lakini hakuwa anacheka. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. "Mayu," akamgeukia mama, "nimekaa jirani yako miaka yote hii. Ningetaka kisiki ningekuomba."

Mama alitazama chini. Mwenyekiti akasema kama hakuna mwingine wa kusema, basi.

Karatasi ilikuwa kwenye pindo la kitenge changu. Nilisimama nikaitoa, nikaifungua, na herufi zote zilikuwa zimekaa vizuri, na sikuweza kusoma hata moja.

"Ni mimi," nikasema. "Niliving'oa mimi. Nilifikiri vimekufa. Viko korongoni. Halafu nikadanganya."

Juu yetu bati la ghala lilikuwa likilia kwa joto. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, kwa mshangao wa kweli, "Yaani umejiibia?"

Vicheko vilivyofuata vilinipiga kama mvua ya mawe. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. Alisema sheria inamhusu anayeingia ngitili ya mtu. Ya anayeharibu yake haipo. Akamtazama mama.

Mama alinyanyuka kwa shida. Hakunitazama.

"Mwaka huu tukifungua, ng'ombe wa Baba Mapacha watatangulia. Siku tatu wale peke yao, ndipo wetu waingie. Na huyu ndiye atakayewafungulia."

"Wabeja, mayu," alishukuru Baba Mapacha. Akavaa kofia. "Lakini nina ombi. Hivyo visiki, nipewe. Nimeshashtakiwa navyo, basi angalau nivichome."

Tulishuka korongoni wiki hiyo, yeye na mimi, na mkokoteni wa ng'ombe. Mafuriko yalikuwa yamevizika visiki kwenye tope, tukawa tunavichimbua upya, kazi ile ile kinyumenyume. Vingi vilikuwa vikavu, akavipakia. Halafu tukafikia vichache vya mtundulu, mti wa miiba usiokubali kufa, vilivyozama na mizizi yake yote. Vilikuwa vimechipua. Ubavuni, juu chini, popote pale.

Baba Mapacha aliinama akavigusa kwa kidole.

"Hivi sichomi," alisema. "Vina watoto."

Akavirudishia udongo kwa mguu. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu, na nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kuvinyoosha visimame wima. Nilisubiri mpaka hamu hiyo ikapita.

Tangu siku ile ananiita Binti Reki. Ananiita hivyo mbele za watu, kwa sauti kubwa, na mimi naitika.

Kiangazi kiliposhika nilifungua ngitili. Jua lilikuwa halijatoka vizuri, nyasi zimekuwa rangi ya simba, ukungu mwembamba umelala mteremkoni. Nilivuta matawi ya miiba nikasimama pembeni. Ng'ombe wake waliingia mmoja mmoja, kengele zikigonga taratibu, nami nikahisi kama naota ndoto ya mtu mwingine. Waliingilia upande wa juu. Walipita pale pangu pa wazi kama wanaovuka barabara, hakuna hata mmoja aliyeinamisha kichwa, kwa sababu hapakuwa na cha kula. Walipofika ng'ambo, kwenye nyasi za baba, wakainama wote.

Baba Mapacha aliona. Alinitazama, akapiga mluzi kuwaita waliochelewa.

"Shikilia vizuri, Binti Reki," alisema. "Ndama bado hawajapita."

Nikashikilia miiba mpaka ndama wa mwisho alipopita.