Kijichumba cha Msomi wa Majanga

Kutulia, Yekoniya hakukujua. Mchana alilinda duka kubwa huko Deira, kwenye nchi ya Waarabu. Akirudi nyumbani Discovery Gardens alisoma kwa mtandao shahada ya uzamili ya afya ya jamii: namna ya kujiandaa kwa moto, mafuriko, hata watu waovu wanaosambaza vijidudu vya maradhi kwa makusudi. Masomo yalimwingia hadi kwenye mifupa. Ndani ya treni ya metro macho yalitafuta mlango wa dharura. Kanisani alikaa karibu na njia ya kutokea, mahubiri yakampita.

"Wewe utakufa kwa presha kabla hilo janga halijafika," Shakir wa Mombasa, aliyeishi naye, alimtania.

Waliishi wanaume watupu, wamebanana kwenye fleti moja ya ghorofa ya chini. Mwenye kuwapangisha, Mzee Msellem wa Unguja, aliyeishi humohumo, alimpenda Yekoniya. Alimkatia pembe ya sebule kwa plaiwudi, mbele ya mlango wa kutokea barazani, apate mwanga na faragha ya kusoma. Yekoniya akakitia kijichumba kufuli, maana kompyuta na vitabu vyake ndivyo vilivyokuwa maisha yake.

Kazi ya muhula wa mwisho ilikuwa kukagua jengo na kutaja hatari zake. Alilikagua lile duka, akaandika mpaka mwalimu akamsifu. Nyani haoni kundule.

Ijumaa moja jioni alirudi kutoka kazini akawakuta wenzake nje kwenye nyasi, wanakohoa. Mafuta ya sambusa yalikuwa yameshika moto jikoni, na jiko liko ubavuni mwa mlango wa mbele. Hawakuweza kupita. Walijibana sebuleni, taulo mdomoni, mpaka Shakir akajitosa motoni na kulifunika karai kwa sinia.

Yekoniya aliingia mbio. Kijichumba chake hakikuwa na mkwaruzo. Kufuli ilikuwa palepale, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Aliona aibu na hofu kwa pamoja.

"Mzee, kwa nini hamkuvunja plaiwudi?" alifoka akitoka. "Teke moja tu! Mlango wa baraza si uko hapo nyuma?"

"Tunajua, mwanangu," Msellem alisema, macho mekundu kwa moshi. "Shakir alitaka kuvunja, mimi ndiye niliyemkataza. Nikamwambia mle mna vitabu vya watu. Kwani wewe huna mtihani keshokutwa?"