Kanga Juu ya Kompyuta

Maziko yalipokwisha, mama mkwe wangu aliingia chumbani akakifunika kioo cha kabati kwa kanga. Ndiyo desturi yetu hapa Munje: mjane aliye katika eda hajitazami. Kisha akageuka, akaiona kompyuta ya marehemu mezani, akaifunika nayo kwa kanga ya pili.

“Mama, hicho si kioo,” nilimwambia.

“Hakikuonyeshi uso?”

Niliinua pembe ya kanga. Kompyuta ilikuwa imezimwa, na katika weusi ule nilijiona, macho yamevimba. Hasira zilinipanda, lakini yule mama alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na sikuwa na moyo wa kugombana naye.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na swali la mume wangu likingoja jibu.

Alikuwa mwalimu wa fizikia, na mwaka wake wa mwisho alishikwa na jambo moja tu: kompyuta za kwantamu. Zamani, alisema, mashine hizo ziliguswa na mabingwa wa vyuo vikuu vya mbali, basi. Siku hizi wenyewe wamefungua mlango. Mwalimu yeyote mwenye bando huandika programu yake Munje, akaituma ughaibuni kwenye mtungi wenye baridi isiyosemeka inamokaa mashine, ikapanga foleni pamoja na za maprofesa. Alinifundisha mimi kwanza, apime kama wanafunzi watamwelewa. Hesabu ndani ya mashine ile, alinieleza, ni kama wali uliopaliwa makaa: ukifunua kabla ya wakati, umeuharibu. Nikamwambia wali wake mimi naujua, huungua hata usipofunuliwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Swali lilitungwa na wanafunzi wake: wavuvi wagomvi wagawanywe kwenye mashua mbili, mahasimu wasipande moja.

“Hili si mtoto atalijibu kwa vijiti?” nilimtania.

“Najua. Nataka waone kwamba na wao husikilizwa huko.”

Alilituma asubuhi moja, akawa anafungua na kufunga kompyuta kutazama foleni. Jioni ile ile presha ilimpanda, na hatukumfikisha hospitali akiwa hai.

Miezi minne na ushei niliketi chumba kile nikiitazama kanga. Nywila ya kuingilia kwenye foleni ile aliijua yeye na kompyuta yake tu, kwa hiyo simu yangu haikunifaa kitu. Wageni waliingia wakanipa pole, wakanihimiza subira, wakatoka. Nilichoka na neno subira. Usiku wala mchana sikutaka kingine ila kuliona jibu lile, maana ndilo lililobaki duniani ambalo lilikuwa bado linamjia yeye. Nilijiliwaza kwamba jibu halina miguu, litaningoja.

Eda ilipokwisha niliogeshwa, nikavishwa nguo nyingine, na mama mkwe mwenyewe akaiondoa kanga. Nikaiwasha kompyuta. Barua pepe zilikuwa zimejaa. Ya kwanza ilitangaza habari njema: mashine mpya imefika, inakosea kidogo kuliko ile ya zamani, na muda wa bure umeongezwa kwa watu wote. Ya pili ilisema ya zamani itazimwa, kila mtu apakue majibu yake kabla hayajafutwa. Nyingine ilikumbusha. Ya mwisho ilitushukuru kwa uvumilivu wetu. Adabu yao iliniudhi kuliko tusi.

Nilitafuta swali lake. Mstari ulikuwapo bado, na mbele yake neno moja la Kizungu lenye maana ya imekamilika. Nilipobonyeza, hapakutokea kitu. Nikabonyeza tena, na tena, kama mwehu. Ningeweza kulituma upya kwenye mashine mpya, na pengine lingejibiwa vizuri zaidi. Lakini hilo lingekuwa swali langu mimi. Lake lilijibiwa, likakaa chini ya kanga mpaka likafutwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanga imekunjwa mkononi. Kizungu hakijui.

“Mwanangu kajibiwa?”

“Kajibiwa, mama.”

“Alhamdulillahi.” Akasogea, akaketi kitandani kando yangu, akajipangusa macho. “Haya nisomee. Wamemwambiaje?”

Niliichukua kanga mkononi mwake, nikaifunika kompyuta.